Nimemtumia mteja funguo zote mbili, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni katibu wa kikundi cha kinamama hapa Ngamiani, Tanga, tunasuka vikapu na mazulia ya mkonge. Tumepata mteja Ujerumani, katuletea mkataba kwa imeili anataka tuusaini kidijitali. Mi nikaskani sahihi yangu nikaibandika kwenye PDF, akasema hiyo siyo. Nikaenda kwa kijana wa steshenari, akanitengenezea funguo mbili kwa programu ya GnuPG kwenye kompyuta ya dukani, akaniambia nitume faili zote mbili ndo mteja ataweza kuhakiki. Nimetuma, sasa mteja anasema nisisaini chochote kwanza. Nimekosea wapi?
Katibu, Ngamiani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo mteja mshike, mwingine angenyamaza. Kakushtua kwa sababu kati ya zile faili mbili moja hukutakiwa kumpa mtu yeyote, si yeye, si mumeo, si mwenyekiti wa kikundi.

Funguo zile zinazaliwa pamoja ila kila mmoja na kazi yake, wa siri unasaini na wa wazi unahakiki. Wa wazi mgawie unayemtaka, hauna madhara. Wa siri ukimfikia mtu mwingine, na nenosiri kama halikuwekwa au analijua, anaweza kusaini bei yoyote na tarehe yoyote ya kupakia mzigo bandarini, na akihakiki yeyote itasoma umesaini wewe, hapo hata ulete mtaalamu wa mwandiko hakusaidii maana hakuna mwandiko wa kulinganisha. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 sahihi za kielektroniki zinatambulika hapa kwetu, kwa hiyo usilichukulie kama jambo la kompyuta tu, ni jina la kikundi.

Ile ya kuskani alikukatalia kwa haki. Ile ni picha, mtu anaikata hapa anaibandika kwenye mkataba mwingine na wewe hujui. Sahihi ya kidijitali imeshikana na maneno yenyewe ya mkataba: programu inapitisha faili zima kwenye hesabu, mfano ile inayoitwa SHA-256, inatoka mfululizo wa herufi na tarakimu 64, na huo ndo unaosainiwa kwa ufunguo wa siri. Mkataba ukisema vikapu 200 mtu akaongeza sifuri moja, mfululizo unatoka mwingine kabisa na sahihi inakataa.

Na usiogope kwamba mwenye ufunguo wa wazi atauchimbua ule wa siri. Kwenye mfumo wa RSA, njia mojawapo ya kutengeneza funguo hizi, waliouvumbua Rivest, Shamir na Adleman kule chuo cha MIT Marekani mwaka 1977, siri iko kwenye namba tasa mbili kubwa sana, kuzizidisha ni kufumba na kufumbua, ila ukipewa jibu peke yake uambiwe utafute zilikuwa namba gani, zikiwa na mamia ya tarakimu kompyuta za leo hazifiki. Funguo nyingi hazipotei kwa hesabu kuvunjwa, zinapotea hivihivi kama ulivyofanya, kwa imeili na kwa kompyuta za watu.

Sasa hizo mbili zihesabu zimekufa, hata kijana akikuapia kafuta. Simlaumu sana, ila ufunguo hautengenezwi dukani. GnuPG ikitengeneza funguo huwa inatoa na cheti cha kuzifutia, yaani tangazo kwamba zisiaminiwe tena, kachukue hicho, zifute rasmi na mpelekee mteja ajue. Halafu tengeneza mpya kwenye laptopu yako au ya kikundi, weka nenosiri refu, nakala moja kwenye flashi ifungiwe kabatini, maana laptopu ikiibiwa huna tena cha kusainia.

Kabla hujatuma faili lolote lifungue kwa Notepad usome mstari wa juu. Ukiona neno PRIVATE, funga, usitume. Ukiona PUBLIC tuma. Kisha mpigie mteja simu, usimwandikie, umsomee alama ya kidole ya ufunguo mpya, yaani mfululizo unaoutambulisha ufunguo huo, kwa kawaida kwenye GnuPG ni herufi na tarakimu 40, moja moja, na yeye afuatilie kwenye skrini yake. Zikilingana zote, saini mkataba.