Kabla Hujafunga Turbo Mpya Nyumbani

Kazi ya spana kwenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa kwenye silinda, si ngumu kama watakavyokutisha vijana wa gereji. Kwenye Toyota Prado au Surf yenye injini ya dizeli ya 1KZ, mtu mwenye subira anaweza kuimaliza wikiendi moja chini ya mwembe. Ugumu uko kwingine. Turbo nyingi mpya hufa mapema kwa sababu aliyezifunga hakujiuliza ile ya kwanza iliuawa na nini.

Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwenye turbo nyingi za magari haya haushikwi na beringi za gololi. Unaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayoletwa na injini. Oili ikichelewa, ikiwa chafu au ikikatika kwa muda mfupi tu, chuma kinakutana na chuma. Ndiyo maana mimi turbo ikifa naanza kuishtaki oili.

Lakini hakikisha kwanza kwamba imekufa kweli. Gari likikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, mara nyingi ni hozi ya hewa iliyopasuka au filta iliyoziba kwa vumbi, na hapo utatupa hela ya turbo bure. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, pitisha mkono kwenye hozi zote, hasa ule upande wa chini usioonekana. Moshi wa bluu ndio wa oili inayoungua. Ukiuona, fungua bomba linaloingiza hewa kwenye turbo, ushike ncha ya mhimili kwa vidole viwili. Ukiuyumbisha kushoto na kulia utacheza kidogo. Usiogope, ile oili ya kuubana haipo kwa wakati huo. Ukiuvuta nje na kuusukuma ndani, usiusikie ukicheza. Ukicheza, au ukiona mapanga yamekwaruza nyumba yake na kuacha mstari unaong'aa, hiyo imekwisha. Na kama panga limevunjika kipande, usiendelee na lolote mpaka ujue kipande kimeishia wapi, maana kingine kinaweza kuwa kimekaa kwenye bomba kinasubiri kuingia kwenye silinda.

Siku moja kabla ya kufungua, lowesha nati zote za upande wa ekzosi kwa dawa ya kutu, kisha rudia usiku. Stadi zile, yaani bolti zinazoshika nati hizo, zimepikwa kwa moto miaka mingi. Nati ikikataa, irudishe kidogo, iongeze dawa, ifungue tena. Anayelazimisha kwa bomba refu huishia kutoboa stadi iliyokatika ndani ya manifodi, na hiyo ni kazi ya kupeleka kwa mtu mwenye mashine. Mwaga maji ya rejeta kwanza, kwa kuwa turbo ya 1KZ inapozwa na maji pia. Kila tundu utakalolifungua lizibe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na uhesabu vitambaa vyako.

Turbo ikishatoka, iweke mezani pamoja na mpya. Linganisha matundu ya bolti, pembe za mabomba na mkono wa kile kikombe kinachofungua mlango wa moshi. Madukani Kariakoo utaambiwa "hii inaingia tu, boss". Mwambie muuzaji azilaze pamoja kwenye kaunta mbele yako. Urefu wa ule mkono usiuguse, umepimwa kiwandani.

Sasa tunafika kwenye mabomba mawili ya oili, na hapa naomba usiwe na haraka. Bomba jembamba la kuleta oili hujengeka kaboni ndani, kwa kuwa linakaa jirani na moto. Lisafishe, lipulize kwa upepo, kisha litazame kwenye mwanga. Kama bado lina weusi uliogandamana, nunua jipya. Bei yake ukiilinganisha na turbo ni ya soda. Bomba nene la kurudisha oili halina presha, oili inateremka yenyewe mpaka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Likikunjika au likiziba kidogo, oili inajaa ndani ya turbo na kutafuta njia ya kutokea kwenye moshi na kwenye hewa. Mtu anaona moshi wa bluu, anarudi dukani kugombana kwamba kauziwa feki. Angalia pia hozi ya kupumulia injini, maana ikiziba inaleta ugonjwa huohuo.

Silikoni usiipake kabisa kwenye gasketi za mabomba haya. Inayojibana kuelekea ndani hukatika vipande laini, na kipande kimoja kinatosha kuziba tundu la oili. Gasketi mpya na washa mpya za shaba, basi.

Wenye 1KD, ile ya Prado 120, mna la ziada. Washa za chini ya nozeli zinazonyunyiza dizeli zikivuja, gesi ya silinda hupenya juu na kuifanya oili kuwa nzito kama lami, ambayo hukusanyika kwenye chujio la sampu. Fungua sampu ulione hilo chujio kabla hujanunua chochote.

Intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, kama ipo, imwage oili yote na uisafishe. Injini ya dizeli inaweza kuinywa oili ile na kuanza kujiendesha yenyewe hata ukizima swichi. Ikitokea, ziba njia ya hewa kwa ubao mzito, kamwe usitumie mkono.

Weka oili mpya na filta mpya. Kabla ya kufunga bomba la kuleta, mimina oili safi kwenye tundu la turbo huku ukizungusha mhimili kwa vidole. Rudisha maji ya rejeta. Kisha chomoa soketi ya umeme ya pampu ya dizeli ili injini isiwake, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha soketi, washa, uiache iungurume taratibu dakika kadhaa. Mguu usiguse mafuta. Tumia muda huo kumulika tochi kila kiungo.

Dakika za mwanzo itatoa moshi, kwa kuwa oili ya zamani bado imo kwenye ekzosi. Endesha taratibu, utapungua. Usipopungua, rudi kwenye bomba la kurudisha oili kabla hujamlaumu muuzaji. Injini ikishapoa, kaza tena nati za ekzosi, na oili ile imwage mapema, kabla ya kilomita 1,000. Na ukishapanda mlima Kitonga ukasimama Ilula kununua nyanya, iache injini iungurume dakika moja au mbili ndipo uzime.