Kliniki isiyohitaji miadi: lini uende, lini uipite

Wengi hupima uharaka kwa maumivu, na kipimo hicho hudanganya. Sikio linaweza kumkesha mtu usiku kucha na likatibiwa kwa vidonge tu, ilhali kiharusi mara nyingi hakiumi kabisa. Jiulize kwanza kama kliniki ina vifaa vya kumaliza tatizo lako. Kwa kawaida wanapima mkojo, wanashona majeraha madogo, wanatibu koo na macho mekundu. Chumba cha upasuaji hawana, wala mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili.

Ndiyo maana mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama, yaani dalili za kiharusi, nenda hospitali moja kwa moja. Kumbuka saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na ni lazima ubongo upigwe picha kwanza. Kupitia kliniki ni kuzila saa hizo. Hospitali pia kwa kifua kinachobana, kupumua kwa shida, degedege lisilokoma kwa dakika 5, homa yenye shingo ngumu, na mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye nyuzi 38 au zaidi, hata kama ananyonya vizuri.

Kwenye majeraha ndiko watu hukosea zaidi. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Kila ukifunua, damu iliyoanza kuganda inabanduka. Ikikoma, osha kwa maji yanayotiririka uende kliniki siku hiyohiyo, maana jeraha lililochelewa likishonwa huweza kufungia vijidudu ndani. Isipokoma, nenda hospitali. Kidole kikifa ganzi au kisipokunjika, huenda neva au kano imekatika. Hiyo ni kazi ya hospitali. Aliyeumwa na mbwa aoshe kwa sabuni na maji dakika 15, kisha apige simu kuuliza kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, kwa kuwa si kila kliniki huiweka.

Kifundo kilichoteguka? Usipoweza kupiga hatua 4, tafuta kliniki yenye eksirei.

Beba dawa zako zote zikiwa kwenye pakiti zake, na useme saa uliyomeza parasetamoli ya mwisho. Hushusha homa, na daktari asiyejua hilo anaweza kukuona mzima kuliko ulivyo.