Maswali Yenu: Kiharusi, Panya wa Maabara na Upupu

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 63 na ana presha. Aliamka saa 11 alfajiri mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Tukampa aspirini, vidonge viwili vya presha na uji. Hospitali tukaambiwa tumekosea. Tulikosea wapi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Poleni sana. Mlitaka kumsaidia, lakini vyote vitatu vingeweza kumdhuru.

Kiharusi ni cha aina mbili: mshipa umezibwa na damu iliyoganda, au umepasuka na damu inavuja ndani ya ubongo. Kwa kumtazama mgonjwa hamwezi kujua ni kipi, mpaka apigwe CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa. Aspirini ni tiba ya kilichozibwa. Kwa kilichopasuka huzidisha kuvuja.

Vidonge vya presha navyo vina hatari ambayo wengi hawaifikirii. Mshipa ukiziba, katikati seli hufa upesi, lakini pembeni hubaki eneo lililonyamaza tu, bado hai, ambalo wataalamu huliita penambra. Linaishi kwa damu kidogo inayopita vijishipa vya jirani, na kinachoisukuma damu hiyo ni presha ileile iliyopanda. Mkiishusha ghafla nyumbani, mnalinyima hata hicho kidogo. Kama presha ni ya kushushwa, ataamua daktari baada ya picha.

Uji? Koo huwa limelegea, ukapita njia ya hewa na kuleta nimonia. Hata kijiko cha maji asipewe kabla hajapimwa anavyomeza. Akitapika au akizimia, mlazeni ubavu.

Jambo la kwanza ni saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplasi, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Baba kama alilala saa 4 usiku akiwa sawa, hesabu inaanzia hapo, si saa 11 alfajiri. Iandikeni saa hiyo kwenye karatasi pamoja na dawa anazotumia. Kama mna mashine ya sukari, mpimeni, kwani sukari ikishuka sana huleta dalili zinazofanana na hizi. Kisha pigeni simu kuuliza kama CT skani inafanya kazi, mwende moja kwa moja bila kupitia zahanati. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika, na foleni ya Barabara ya Kilwa haimsubiri mgonjwa.

SWALI: Kila mara nasoma kwamba watafiti wamepata dawa ya kuokoa ubongo wa panya baada ya kiharusi. Mbona haitufikii?
Mwanafunzi, Ubungo

JIBU: Seli ikikosa oksijeni na sukari, pampu zake za chumvi husimama, glutameti (kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli) humwagika, kalsiamu huingia kwa wingi na seli hujivunja. Karibu kila hatua hapo imewahi kutafutiwa dawa, na kwa panya nyingi zilifaulu. Lakini panya huyo ni kijana, hana presha wala kisukari, na mara nyingi hupewa dawa muda mfupi tu baada ya mshipa kuzibwa. Mgonjwa wa kweli ni mzee aliyefika baada ya saa kadhaa.

Dawa ya NXY-059 ilionyesha nafuu katika jaribio la binadamu la mwaka 2006. Mwaka 2007 jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuona faida yoyote. Ukisoma habari nyingine ya namna hiyo, angalia: wanyama walikuwa wazee au wenye presha? Waligawiwa dawa kwa kura? Aliyepima jeraha alijua nani kapewa nini? Kama hayo hayakutajwa, usiweke tumaini lako hapo bado.

SWALI: Mama ana ugonjwa wa Parkinson. Jirani ametuletea unga wa mbegu za upupu. Unasaidia?
Msomaji, Tabata

JIBU: Jirani hakudanganya. Mbegu za upupu zina levodopa, ileile iliyo kwenye vidonge vya mama. Shida ni kipimo, maana kiasi chake hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Tena vidonge huwa vimechanganywa na kabidopa, inayozuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika kwenye ubongo. Akitumia vyote pamoja anaweza kutapika, kuanguka kwa presha kushuka akisimama, kujinyonganyonga mwili, au kuona watu wasiokuwepo.

Vidonge anywe nusu saa kabla ya chakula au saa moja baadaye, kwani protini ya samaki, nyama na maharage hushindana na levodopa kupenya utumbo. Asiviache ghafla hata siku akijisikia vizuri. Mwili unaweza kukakamaa na homa kali ikampata. Levodopa hurudisha dopamini iliyopungua, yaani kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili, lakini haizuii seli za ubongo zinazoitengeneza kuendelea kufa, ndiyo maana dozi hubadilishwa miaka ikienda. Huo unga nendeni nao kliniki, daktari auone kabla mama hajauonja.