Masika yanakuja: nunua mpira, usinunue meno

Wadogo zangu mnaoingia barabarani na gari la kwanza, hasa nyie wa taksi ambao siku ya mvua ndiyo siku ya abiria, nawapa somo la matairi nililolilipia bampa na taa mbili.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na Toyota Noah. Matairi yakaisha mwishoni mwa Februari, masika yanabisha hodi. Nikaenda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta ya mtumba. Muuzaji mmoja akanipangia manne ya kutoka Japani, meno marefu, na kila jino limechanjwachanjwa mistari myembamba kama mkate uliokatwa slesi. Akazamisha ukucha kwenye mfereji: "Kaka, hili halijatembea. Gari litachoka kabla yake." Bei nusu ya mapya. Nikalipa, nikafunga, nikaondoka najiona mjanja.

Wiki ya kwanza ya mvua nilikuwa nashuka Kimara kwenda Ubungo, hata 50 sijafika. Daladala mbele yangu ikasimama kupakia. Nikakanyaga breki, ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ikagongagonga mguuni, na gari likaendelea kwenda. Halikuyumba wala halikupiga kelele, lilikwenda tu kama sabuni kwenye sahani. Nilipata muda wa kumwangalia konda usoni kabla ya kuigonga daladala, maana yeye alishaona.

Mzee wa gereji aliyenitazamia gari hakuhangaika na meno. Aliinama, akafuta tope ubavuni mwa tairi kwa kidole, akanionyesha neno: STUDLESS. Pembeni yake, mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji. Haya ni matairi ya baridi. Mpira wake umetengenezwa laini ili usikakamae kwenye barafu, na ile michanjo ni ya kung'ata theluji. Wenzetu Japani hulivaa msimu wa baridi, na meno yakifika nusu halihesabiwi tena kuwa tairi la theluji. Nusu hiyo iliyobaki ndiyo inayotufikia sisi, imeshiba meno, inameremeta. Kwenye lami ya Dar yenye joto na maji, meno yale laini yanajipinda na kuteleza badala ya kushika.

Ndiyo maana nasema nunua mpira. Meno kazi yake ni kukwangua maji na kuyapitisha kwenye mifereji ili mpira uguse lami. Kinachoshika lami ni mpira. Ukiwa si wa mazingira yako, au umezeeka ukawa mgumu kama kandambili iliyosahaulika juani, mifereji hata iwe na kina cha kisima haikusaidii.

Umri wa tairi umeandikwa. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mpaka mwisho, kuna tarakimu 4. Ikiwa 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, na ukikuta tairi limeshafungwa huo upande umetazama ndani, kwa hiyo ingia chini na tochi ya simu. Usione haya; muuzaji anayekasirika ukiingia chini ameshakujibu. Mimi likivuka miaka 6 silinunui hata kama halijawahi kugusa barabara. Halafu likunje kidogo, utazame chini ya meno na ubavuni kama kuna nyufa ndogondogo.

Kama unanunua mapya, tafuta neno TRACTION ubavuni. Matairi mengi ya magari madogo yanalo, hata ya Kichina. Mbele yake kuna AA, A, B au C, na hicho ni kipimo cha kusimama kwenye njia yenye maji, gari likiwa limenyooka. Kona hakizungumzii. C kiache dukani. Karibu yake utaona TREADWEAR na namba. Namba kubwa maana yake linachelewa kuisha, na madereva wa taksi tunaipenda kwa sababu ya hesabu za bosi, lakini mara nyingi linalochelewa sana kuisha ndilo linaloshika kidogo zaidi. Ukikuta lenye stika ya Ulaya, tazama alama ya wingu la mvua: A ndiyo bora, E ndiyo mwisho.

Meno nayo yana kikomo chake. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha karibu milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vinundu vya mpira. Uso wa tairi ukilingana navyo, imebaki milimita 1.6, na hapo hata sheria za Ulaya zinakataa. Mimi sisubiri vinundu. Nachomeka njiti ya kiberiti, kichwa kwanza. Kichwa kisipozama chote, tairi hilo kwangu ni la kiangazi tu. Si kipimo cha maabara, ila kiberiti hakikosekani mfukoni. Na kile kipara kinachochongwa upya kwa kisu cha moto usikiguse. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa yakubali kuchongwa, nayo huandikwa REGROOVABLE. La gari dogo ukilichonga unakaribia nyuzi.

Sasa kuna ushauri wa kijiweni utakaousikia kila masika: "Punguza upepo, lishike." Huo ni wa mchangani na topeni. Kwenye lami yenye maji ni kinyume. Upepo ukipungua, tairi linashindwa kuyasukuma maji, linapanda juu yake, na usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umeng'oka. Kuna hesabu ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilipigwa kwa ajili ya matairi ya ndege: kwa upepo wa psi 32 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), tairi linaweza kuelea kwenye maji yenye kina, kuanzia mwendo wa kama kilomita 94 kwa saa. Shusha hadi psi 22, inakuwa kama 78. Kwa gari lako ni makadirio tu, lakini mwelekeo ni huo huo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika yenye upepo wa gari lako. Za Kijapani huandika kwa kPa, kipimo kingine cha upepo: kPa 220 ni sawa na psi 32. Pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Ukiwa na hela ya matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Najua gari lako linavutwa na mbele na fundi atakwambia yaende mbele. Mkatalie kwa adabu. Mbele pakiteleza gari linagoma kukata kona, unaachia mafuta, linarudi. Nyuma pakiteleza gari linageuka lenyewe, na kwenye mteremko kama Kitonga utaona ulikotoka kabla hujaelewa kilichotokea.

Usiondoke dukani kabla hujazunguka gari. Tairi lenye mshale na neno ROTATION, mshale uelekee mbele. Likifungwa kinyume, linarudisha maji badala ya kuyatoa. Lenye neno OUTSIDE, neno lisomeke ukiwa umesimama nje. Mimi wamenifungia kinyume mara mbili, na mara zote fundi aliniambia haina shida. Nilikaa kwenye benchi nikamsubiri alifungue.

Kilomita mia mbili za kwanza endesha taratibu, hasa kukinyesha. Tairi jipya linatoka kiwandani na utelezi wake juu, mpaka barabara iukwangue.