Ukikusanya vitu vya hip hop, kusanya na habari zake

Vijana wa hapa Kisumu huniuliza waanzie wapi kukusanya vitu vya hip hop: fulana za zamani, raba, kofia, kaseti. Huwaambia waende soko la Kibuye Jumapili asubuhi na mapema, kabla ya kamera, yaani mitumba iliyo bora zaidi, kuchaguliwa zikaisha. Ila wasisahau kubeba daftari.

Mfano ninaoupenda ni taji la rapa wa New York, The Notorious B.I.G. Ni la plastiki. Mpiga picha Barron Claiborne alilinunua kwa dola 6, akamvisha msanii huyo mwaka 1997, siku chache kabla hajauawa. Septemba 2020 lilipigwa mnada na kampuni ya mnada ya Sotheby's, New York, likauzwa kwa dola 594,750. Lilikuwa plastiki ile ile, ila sasa lilikuwa na picha inayotambulika dunia nzima, saini, na mtu hai wa kuthibitisha lilitoka wapi. Bila hivyo lingekuwa kichezeo tu.

Kwa hiyo kila ukinunua kitu andika: umekinunua wapi, lini, kwa nani, bale la mitumba lilitoka nchi gani ikiwa mama muuzaji anajua. Muulize kwa heshima, ukiwa umeshanunua. Wengi husema.

Fulana nayo husomwa. Geuza pindo la mkono: nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zina mshono mmoja, za baadaye zina miwili inayokwenda sambamba. Siku hizi kuna viwanda vinavyoshona mshono mmoja makusudi, basi usiridhike hapo. Tafuta herufi ndogo chini ya picha. Mara nyingi zina mwaka wa hakimiliki, ingawa huo ni mwaka wa mchoro na fulana yaweza kuwa imechapwa baadaye sana. Halafu pitisha kidole juu ya picha. Rangi iliyozeeka yenyewe ina nyufa zinazokwaruza kidole, nazo huzidi pale kitambaa kinapokunjika tumboni. Nyufa za kuchorwa kiwandani ni laini.

Kwa raba, tafuta namba iliyo kwenye kibandiko cha ndani, uiangalie kwenye intaneti. Ikileta kiatu kingine au rangi nyingine, rudisha kiatu. Kisha bonyeza soli kwa dole gumba. Povu la poliyurethani, kama lililo kwenye soli za raba za Nike Air Jordan 3 za mwaka 1988, huliwa na unyevu hadi likamomonyoka hata kama kiatu hakijavaliwa, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Raba usizifungie kwenye mfuko wa plastiki wenye unyevu.

Na usiharakishe kutupa kitu kwa sababu nembo yake si halali. Mshonaji Dapper Dan alifungua duka Harlem, New York, mwaka 1982, akawashonea marapa makoti yenye nembo za Gucci na Louis Vuitton bila ruhusa ya mtu. Kesi zikamfungia duka mwaka 1992. Baadaye Gucci wenyewe walimfuata wakafanya kazi pamoja. Kilichobaki na thamani ni mkono wake.

Ninachowasihi zaidi ni vitu vya kwetu. Taji la New York lina walinzi wa kutosha. Kaseti za Kalamashaka, kundi la hip hop la Nairobi, ziko kwenye makatoni ya nyumbani zikiota ukungu, na sanaa ya matatu hufutwa kila gari likibadilishwa rangi. Fundi mmoja wa kuchora matatu, wa mtaa wa Kondele hapa Kisumu, alinionyesha mchoro wa penseli kwenye karatasi ya manila: uso wa Tupac, umepigiwa miraba juu yake ili aukuze kwenye ubavu wa gari, pembeni alama za vidole vyake kwa rangi nyekundu. Alikuwa akiutumia kupangusia brashi. Nilimlipa, nikamwomba aweke saini, tarehe, na njia ambayo gari hilo lingepiga. Akacheka, akaandika yote.

Waendeeni mafundi hawa, Kisumu na Nakuru, mwaombe karatasi wanazozitupa na mwalipe vizuri. Piga picha gari likiwa jipya, fundi akiwa amesimama kando yake. Karatasi yenyewe ilaze bila kuikunja, mbali na dirisha, na jina la fundi uliandike nyuma kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya ukaharibu upande wa mbele.