Wakili Anajibu: Kijana wa mauzo ameondoka na wateja wangu

*Assalam aleikum wakili. Nina kiwanda kidogo cha viungo hapa Kisauni. Tunakaanga, tunasaga na kupakia masala ya pilau, ya chai na ya samaki. Kijana wangu wa mauzo alikaa nami miaka sita, akizunguka na gari kuanzia Likoni hadi Malindi. Mwezi wa tatu aliacha kazi. Sasa ana pakiti zake mwenyewe, na hoteli mbili nilizokuwa nikiziuzia zimehamia kwake. Alisaini mkataba kuwa hatafanya biashara ya viungo popote Afrika Mashariki kwa miaka mitano. Mkataba huo niliutoa mtandaoni. Je, naweza kumfungia? Na nifanyeje waliobaki wasitoke na siri zangu?*
Mama Viungo, Mombasa

Waaleikum salaam, Mama Viungo. Nianze na usilopenda kulisikia: kwa kifungu hicho peke yake, sitarajii jaji amfungie kijana yule.

Kenya tuna Sheria ya Mikataba ya Kuzuia Biashara, Sura ya 24. Haisemi kwamba kila kifungu cha kutoshindana ni batili. Inasema mahakama inaweza kukibatilisha ikiona kwamba, kwa kutazama aina ya kazi, muda na eneo, kinamlinda mwajiri kupita anavyostahili kulindwa, au kinaudhuru umma. Sasa utazame mkataba wako kwa jicho hilo. Kijana aliuza Likoni mpaka Malindi, nawe umemfungia Kampala na Arusha, ambako huna mteja hata mmoja. Miaka mitano ale nini? Mwaka 1913 majaji wa juu kabisa Uingereza walikataa kifungu kilichomzuia wakala wa duka la nguo kufanya kazi kama hiyo ndani ya maili 25 za London kwa miaka mitatu, wakati yeye alikuwa akihudumia mtaa mmoja tu. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu za Uingereza, lakini mawakili huzitaja na majaji huzisikiliza.

Nimewatetea waajiri katika kesi hizi, na nimewatetea walioacha kazi. Wengi wanaoshindwa wameshindwa siku ile walipoandika mkataba. Walitaka kumfunga mtu badala ya kulinda kitu.

Kitu chenyewe ni kipi? Sheria inakutambulia viwili: siri zako, na mahusiano yako na wateja. Ujuzi wa kijana si wako. Miaka sita imemfundisha kuzungumza na mpishi mkuu, kujua oda zinapanda lini kabla ya Ramadhani, kujua duka gani hulipa na lipi hukwepa. Hayo yamo kichwani mwake na atakwenda nayo. Kuna kesi ya Uingereza, Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1986. Meneja wa mauzo aliacha kazi kwenye kampuni iliyouza kuku kwa magari ya baridi, akaanzisha biashara ileile, na wauzaji kadhaa wakamfuata. Kampuni ilidai majina ya wateja, njia za magari na bei ni siri yake. Ilishindwa. Mambo ambayo kila muuzaji huyajua kwa kufanya kazi yake ya kila siku hayakufikia kuwa siri ya biashara, na kampuni haikuwa na kifungu chochote cha kumzuia.

Lakini usikate tamaa, maana kuna mlango mmoja. Je, aliinakili orodha ya wateja akiwa bado analipwa na wewe? Hilo ni jambo jingine kabisa. Tangu kesi ya Robb dhidi ya Green, mwaka 1895, inajulikana kwamba mfanyakazi anayenakili majina ya wateja ili ayatumie akishatoka amevunja uaminifu anaodaiwa na mwajiri, hata kama mkataba hausemi neno. Kagua simu ya kazi aliyoirudisha, barua pepe za ofisi, daftari la oda. Ukikuta kitu, usikifute wala usikihamishe. Mpelekee wakili kama kilivyo. Na simu yake binafsi usiiguse.

Sasa masala yenyewe. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari vinauzwa wazi Marikiti, kwa hiyo majina ya viungo si siri. Siri inaweza kuwa vipimo, kipi hukaangwa kwanza na kwa moto gani, na unanunua kwa nani. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali za ubunifu, ambao Kenya imo, unauliza mambo matatu: je, jambo hilo halijulikani kwa watu wa biashara hiyo? Je, lina thamani kwa sababu halijulikani? Je, mwenyewe amechukua hatua za maana kulificha? Ni hili la tatu linalowaangusha waajiri wetu. Kama karatasi ya vipimo imebandikwa ukutani kando ya mashine ya kusaga, utamwambia nini jaji? Na ujue pia kwamba mtu akinunua pakiti yako dukani, akaionja na kuijaribu jikoni mpaka akaipata, hajakuibia.

Kwa hiyo anza na chumba cha kuchanganyia. Vipimo vijue wewe na mtu mmoja unayemwamini. Mifuko iliyochanganywa itoke na namba tu, asiyekuwa na haja ya kujua asijue. Wengine watakushauri ukatafute hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia ubunifu wako, mimi sikushauri. Hataza hudumu miaka 20 na sharti lake ni kuuweka ubunifu wako hadharani, ilhali siri hudumu kadiri unavyoitunza.

Kisha andika mkataba upya, mfupi. Kifungu cha usiri kitaje vitu kwa majina: vipimo, bei za wasambazaji, orodha ya oda. Kifungu cha wateja kiseme muuzaji hatawafuata wateja aliowahudumia katika mwaka wake wa mwisho, kwa miezi sita. Hicho kina nafasi nzuri ya kusimama mahakamani. Msagaji na mpakiaji msiwatie humo. Hawana mteja wa kuhama naye, na kumtisha mtu wa mshahara mdogo asitafute riziki si haki. Muuzaji akitoa notisi, unaweza kumlipa akae nyumbani muda wa notisi, akiwa bado mfanyakazi wako, wakati wewe unampeleka muuzaji mpya akajulishwe hotelini. Siku ya mwisho arudishe simu na daftari, aondolewe kwenye makundi ya WhatsApp, mwandikishane.

Zile hoteli mbili nenda mwenyewe, wiki hii, ukaulize kwa nini zimehama. Huenda ni bei, huenda ni kwamba hazijawahi kukuona.

*Wakili, mimi ni msusi Nakuru. Nimeacha saluni niliyofanya kazi miaka miwili. Bosi anasema hanipi cheti wala mshahara wa mwezi wa mwisho mpaka nisaini kwamba sitasuka mji huu kwa mwaka mzima. Nisaini?*
Msusi, Nakuru

Usisaini, mdogo wangu. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni deni. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kwa yeyote aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, na mwajiri anayekinyima kwa makusudi anatenda kosa. Haviuzwi kwa saini. Ndugu zetu Marekani waliyaona haya: mwaka 2016 kampuni ya sandwichi ya Jimmy John's iliachana na kifungu kilichowazuia hata watengeneza sandwichi kufanya kazi kwa washindani walio karibu, baada ya wanasheria wakuu wa New York na Illinois kuingilia.

Mwandikie bosi wako barua ya heshima ukidai vyote viwili, weka nakala, mpe siku saba. Akikaa kimya, nenda ofisi ya leba hapo Nakuru na barua hiyo mkononi.