Majibu ya akili mnemba kwenye kikundi cha nyuki

Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha wafuga nyuki hapo Moshi kiruhusu watu kujibu wenzao kwa maneno yaliyotungwa na akili mnemba. Mimi ningekataa yasibandikwe yalivyo. Mtu akiitumia kunyoosha sentensi zake, hiyo shauri yake.

Chukua mgeni anayeuliza namna ya kuvuna nyuki wadogo, wale wasiouma. Programu inaweza kumjibu kwa ufasaha kabisa: toa fremu, kata nta, zungusha kwenye mashine. Utadhani kaandika bwana nyuki! Lakini nyuki wadogo hawaweki asali kwenye masega. Wanaiweka kwenye vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu, nawe unavitoboa na kufyonza taratibu kwa bomba la sindano. Akifuata jibu lile atavuruga kiota chote, na makinda humo humo.

Stack Overflow, mtandao wa waandishi wa programu, ulipiga marufuku majibu ya ChatGPT Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kutoka. Yalionekana sahihi, mengi yalikuwa na makosa, na yalimiminika kuliko wakaguzi walivyoweza kuyapitia. Kwenu wakaguzi ni wale wazee wachache wanaojua kazi. Wakichoka kusahihisha, watajitoa kimya kimya.

Kwa hiyo anayejibu aseme mzinga wake ni wa aina gani na uko wapi, Marangu au huku chini tambarare. Na msishutumiane, ukitilia shaka jibu, mwulize mwenyewe nyuki wake walifanyaje.